Peroksisomu: gati la vimelea na mlango mbovu wa mgonjwa

Swali limetoka kwa dada mmoja mteknolojia wa maabara, Mwanza: "Shikamoo Mwalimu. Nimeanza shahada ya uzamili na msimamizi wangu amenipendekezea mada ya protini za utando wa peroksisomu kama shabaha za dawa na viashiria vya magonjwa. Nimesoma makala nyingi, kila moja inasema protini hizi zina matumaini. Naomba uniambie ukweli: kuna yoyote iliyomfikia mgonjwa? Na ina maana gani kwetu sisi tusio na mashine kubwa?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kurudi shule. Hilo neno "matumaini" kwenye makala za sayansi lisikutishe wala lisikulevye. Ni kama "njoo Ijumaa" ya fundi cherehani: huenda nguo imeshashonwa imebaki vifungo, huenda kitambaa hakijaguswa na mkasi. Leo ngoja nikufungulie kabati la fundi ujionee.

Kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo mada yako imevifunga kamba moja. Shabaha ya dawa ni kitu ambacho molekuli ikikigusa, ugonjwa unabadilika. Kiashiria ni kitu unachokipima ili kikueleze ugonjwa upo, au unakwenda wapi. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili uubishie unaposoma: protini za utando wa peroksisomu zenyewe ni viashiria dhaifu, ila mzigo unaokwama au kuvuja kwa sababu yake ni kiashiria kizuri mno. Na kama shabaha, zimetufaa zaidi pale tunapotaka kuua kuliko pale tunapotaka kuponya.

Kuhusu peroksisomu yenyewe sitasema mengi, darasani umeyapata. Ni kifuko kidogo ndani ya seli chenye utando mmoja, hakina DNA yake. Johannes Rhodin wa Sweden alikiona kwenye figo ya panya akakieleza mwaka 1954 bila kujua kazi yake. Ni Christian de Duve, Mbelgiji, aliyeonyesha katika miaka ya 1960 kwamba mle ndani vimeng'enya vinavyozalisha haidrojeni peroksidi vinaishi chumba kimoja na katalesi inayoivunja, na jina likatokea hapo. Humo huvunjwa asidi za mafuta zenye mnyororo mrefu sana, wa kaboni 22 kwenda juu, ambazo mitokondria haiziwezi. Humo huanzia utengenezaji wa plazimalojeni, aina ya mafuta ya utando yanayohitajika sana kwenye ubongo, na humo hukamilishwa asidi za nyongo.

Kifuko kisicho na DNA huagiza kila protini kutoka nje, na mafuta yote ya kuchakatwa nayo hutoka nje. Kwa hiyo biashara yote ya peroksisomu iko mlangoni. Zipo protini za utando zinazopitisha mafuta, yaani ABCD1, ABCD2 na ABCD3, na zipo za jamii ya PEX zinazopokea vimeng'enya au kujenga utando wenyewe. Nitakaa zaidi kwenye mbili, ABCD1 na PEX14, kwa sababu hizo ndizo zimetufundisha kitu. Nyingine nitazipitia tu.

Chukua mtoto wa kiume wa miaka saba. Mwaka jana alikuwa mzuri darasani, mwaka huu mwandiko umeharibika, akiitwa ni kama hasikii, anagombana na wenzake. Mwalimu anasema mtundu. Bibi anasema katupiwa jicho. Miezi michache baadaye anajikwaa, kisha macho, kisha kumeza. Hiyo ndiyo sura ya utotoni ya adrenoleukodistrofi, ALD kwa kifupi: mafuta yanayovisha neva za ubongo yanateketea kwa uvimbeuchungu, na tezi za adrenali zilizo juu ya figo nazo zinakufa. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, na timu ya Jean-Louis Mandel na Patrick Aubourg nchini Ufaransa iliitangaza mwaka 1993. Wengi walitarajia ingekuwa jeni ya kimeng'enya kinachovunja mafuta. Ikawa ya protini ya utandoni, ABCD1, yenye asidi amino 745. Na hiyo protini moja ni nusu tu ya kifaa. Fikiria mlango wa Zanzibar wenye mbao mbili: ABCD1 ni ubao mmoja, sharti zikutane mbili ndipo mafuta yaliyounganishwa na koenzaimu A yapite.

Makadirio ya kawaida ni mtoto 1 kati ya takriban 17,000 wanaozaliwa, wavulana na wasichana kwa pamoja. Kwa magonjwa ya kurithi ya aina hii, hiyo si adimu sana.

Swali lako la kwanza sasa: je, ABCD1 ni kiashiria? Ukichukua kipande cha ngozi ya mgonjwa, ukaotesha seli zake na kuzipaka kingamwili dhidi ya ABCD1, kwa wagonjwa wengi hutaiona kabisa, maana mabadiliko mengi ya jeni huifanya protini iporomoke na kusagwa na seli yenyewe. Lakini wapo ambao protini inaonekana vizuri, imekaa utandoni, ila haifanyi kazi: mlango upo, bawaba zimeshika kutu. Kipimo kinachosema "yupo mzima" kwa mgonjwa ni kipimo cha hatari. Halafu ni nani atakata ngozi ya kila mtoto? Protini ya utando wa kifuko kilicho ndani ya seli haitoki kwenye damu ili wewe uifuate kwa sindano.

Ndiyo maana kilichofika hospitalini ni foleni iliyo nje ya mlango. Mwaka 1981 Hugo Moser na wenzake wa Baltimore walionyesha kwamba asidi ya mafuta yenye kaboni 26, ile tunayoiandika C26:0, hupanda kwenye plazima, yaani maji ya damu, ya wagonjwa. Hadi leo maabara hupima kiwango cha C26:0 na uwiano wake na C22:0, ile yenye kaboni 22. Baadaye ikagundulika njia bora zaidi, kupima C26:0 ikiwa imeshikana na lisofosfatidilikolini, mojawapo ya mafuta ya damu, kwenye tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi. Jimbo la New York lilianza kuwapima watoto wachanga kwa njia hiyo mwishoni mwa 2013, na mwaka 2016 ALD ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya Marekani ya magonjwa yanayopendekezwa kupimwa utotoni. Uholanzi wao wamechagua kupima wavulana tu, kwa hoja kwamba wao ndio watakaonufaika utotoni, na kwamba si haki kumwambia mzazi leo kuhusu miguu itakayomlemaa binti yake akifika miaka hamsini. Mimi nawaunga mkono, ingawa najua wenzangu watakaokunja uso.

Kipimo cha damu kavu kina faida nyingine hasa kwa wanawake. Baadhi ya wanawake wanaobeba jeni hii, kama asilimia 15 hadi 20, wana plazima ya kawaida kabisa. Ukitegemea plazima peke yake utamwambia mama "uko salama", arudi mwakani na mtoto wa pili.

Na hapa usiniambie hamna mashine kubwa ukadhani mjadala umekwisha. Ile karatasi ya tone la damu unaijua kuliko mimi. Ndiyo mnayotumia kwa vipimo vya VVU vya watoto wachanga, inasafirishwa kwa bahasha, haihitaji barafu njia nzima. Kinachokosekana ni mashine ya mwisho wa safari, masi spektrometa, inayotambua molekuli kwa uzito wake, na hiyo si lazima iwe moja kila wilaya. Ugumu uko kwingine: ukimpata mtoto, unampeleka wapi?

Kabla ya kufika huko, elewa mipaka ya C26:0. Inakwambia mlango mbovu. Haikwambii nyumba itaungua lini, wala kama itaungua. Ndugu wawili wenye mabadiliko yaleyale ya jeni, mmoja anaweza kupoteza ubongo akiwa na miaka minane na mwingine akafika arobaini akiwa na miguu mizito tu. Pameripotiwa hata mapacha wa kufanana kabisa walioachana njia. Kiwango cha C26:0 hakiwatofautishi. Takriban theluthi moja au zaidi kidogo ya wavulana hupata ugonjwa wa ubongo utotoni, na njia pekee ya kuwawahi ni kuwapiga picha ya MRI mara kwa mara wangali wazima, kisha kuhesabu madhara kwa alama za Loes zinazokwenda hadi 34. Siku hizi hupimwa pia neurofilamenti nyepesi kwenye damu, ambayo ni mabaki ya neva zinazovunjika. Angalia jambo hilo: kiashiria cha mwendo wa ugonjwa hakitoki kwenye peroksisomu kabisa, kinatoka kwenye kifusi.

Kisa cha mafuta ya Lorenzo lazima ukiweke kwenye utangulizi wa tasnifu yako. Lorenzo Odone alizaliwa mwaka 1978. Baba yake alikuwa mchumi wa Benki ya Dunia, na familia iliishi Komoro kabla mtoto hajaugua. Baadaye rafiki yake kijana wa Kikomoro alikwenda Marekani kusaidia kumuuguza. Mwaka 1984 ugonjwa ukajulikana. Wazazi, wasio madaktari, walijifungia maktaba na kutoka na wazo: mchanganyiko wa mafuta mawili, kwa uwiano wa nne kwa moja, unaokishughulisha kimeng'enya kinachorefusha asidi za mafuta ili kisitengeneze C26:0. Likafanya kazi. C26:0 kwenye plazima ikashuka hadi kiwango cha kawaida ndani ya wiki chache. Ikatengenezwa hadi sinema mwaka 1992.

Wagonjwa waliokwisha kuonyesha dalili hawakupona. Ugonjwa uliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na juu yake wengine wakapungukiwa chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Ubongo wa waliofariki ulipochunguzwa, mafuta yale yalikuwa yameingia kwa kiasi kidogo sana. Kwa watoto ambao bado hawana dalili, Moser alipata dalili ya faida fulani, na hilo bado linabishaniwa. Lorenzo mwenyewe aliishi hadi Mei 2008, siku moja baada ya kutimiza miaka 30, akiwa hawezi kutembea wala kusema. Ile namba ya plazima iliponyooka, watu wakadhani ugonjwa umenyooka. Kila ukisoma makala inayosema dawa fulani "imeshusha C26:0", rudi kwenye ukurasa huu.

Tugeukie dawa. Kwa mgonjwa wa ALD, ABCD1 ni shabaha ngumu kwa sababu iliyo wazi: haipo. Dawa nyingi tunazozijua huzuia kitu. Vidonge vya presha huzuia, dawa za maumivu huzuia, za VVU huzuia. Mlango uliovunjika utauzuia nini? Kwa wale wachache ambao protini ipo lakini imekunjika vibaya, unaweza kutafuta molekuli ya kuishikilia isiporomoke, na maumbo ya ABCD1 yaliyopatikana kwa darubini ya elektroni ya baridi kali tangu miaka michache iliyopita yamerahisisha utafutaji. Njia ya pili ni kumwamsha dada yake. ABCD2 inafanana na ABCD1 kwa takriban thuluthi mbili, inaweza kubeba mizigo mingi ileile, ila kwenye seli zinazohusika imelala. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba panya asiye na ABCD1 akiongezewa ABCD2, neva zake zinanusurika. Kuna molekuli zinazoiga homoni ya tezi ya shingo ambazo zinaiamsha ABCD2, na kwa wagonjwa zimeshusha asidi hizi kwenye damu. Hakuna iliyosajiliwa kwa njia hii. Na panya mwenyewe, kumbuka, hapati kamwe ule moto wa ubongo wa mtoto. Anapata ulemavu wa uzeeni tu. Aliyemponya panya huyo hajaugusa ugonjwa unaotutoa machozi sisi.

Kilichofanya kazi ni kubadilisha seli zenyewe. Upandikizaji wa uboho ulionyesha mafanikio ya kwanza mwaka 1990, ukifanywa mapema, kabla dalili hazijasambaa. Mwaka 2009 timu ya Paris ilieleza watoto wawili ambao seli shina zao wenyewe zilitolewa, zikaingiziwa ABCD1 nzima kwa kutumia kirusi kilichofanywa mpole kutoka kwenye VVU, zikarudishwa. Tiba ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani Septemba 2022 kwa jina la Skysona, bei dola milioni 3. Halafu, Oktoba 2024, yakachapishwa matokeo: kati ya wagonjwa 67 waliotibiwa kwenye majaribio, 7 walipata saratani ya damu, kwa sababu jeni lilipojipachika liliamsha majirani wabaya. Hapo mzazi anachagua kati ya moto na maji marefu. Ni tiba halisi, imeokoa akili za watoto, na imewapa wengine ugonjwa mwingine.

Kuna jambo la hapa nyumbani ambalo halihitaji dola milioni hata moja, nalo ni tezi za adrenali. Takriban wanaume wanane kati ya kumi wenye ALD hupungukiwa homoni za adrenali wakati fulani, na kwa wavulana hilo huweza kutangulia ubongo kwa miaka. Mtoto anachoka, anatapika, anatamani chumvi, presha iko chini, anaanguka akipata homa ndogo. Kwa ngozi yetu weusi unaoongezeka hauonekani upesi, kwa hiyo atazame fizi, mistari ya viganja, makovu. Huku kwetu wazo la kwanza ni kifua kikuu cha adrenali, na ni wazo zuri kwa mtu mzima. Kwa mvulana, ALD iwe kwenye orodha hata kama hakuna anayeweza kuithibitisha wiki hiyo, kwa sababu haidrokotizoni ni dawa ya bei nafuu na bila hiyo anaweza kufa kwa malaria ambayo ndugu zake wangeivuka.

Magonjwa ya PEX nitayapita haraka. Wakikosekana mabawabu hao, yaani protini za PEX, peroksisomu nzima haijengeki, na mtoto huzaliwa mlegevu, ini kubwa, uso wenye sura maalumu. Ugonjwa wa Zellweger na jamaa zake. Wengi wao wana hitilafu ya PEX1. Cha kuvutia maabara ni hiki: ukitafuta katalesi kwenye seli zao unaikuta imetapakaa, lakini ukipaka kingamwili dhidi ya ABCD3, ambayo wazee wa fani tunaiita PMP70, mara nyingi unaona mifuko mitupu inayoelea, mahame. Hapo ndipo protini ya utando inatumika kama alama, na inatumika vizuri sana, ila ni alama ya kiungo ndani ya seli, chini ya darubini. Makala nyingi ulizosoma zimechanganya alama hiyo na kiashiria cha ugonjwa. Vivyo hivyo utakutana na AMACR, ambayo wataalamu wa patholojia huipaka kutafuta saratani ya tezi dume. Ni ya peroksisomu, kweli, lakini ni kimeng'enya cha ndani. Siyo ya utandoni.

Sasa njoo upande wa kuua, ambako ndiko ningependa uende.

Mwaka 1977 Fred Opperdoes na Piet Borst, wakifanya kazi Amsterdam, waligundua jambo la ajabu ndani ya Trypanosoma brucei, kimelea cha malale anayesafirishwa na mbung'o. Vimeng'enya saba vya mwanzo vya kuvunja glukosi, ambavyo kwako na kwangu vinaogelea huru kwenye seli, kwake vimefungiwa ndani ya kifuko. Wakakiita glaikosomu. Baadaye ikajulikana kuwa kifuko hicho ni peroksisomu iliyobadili kazi: kinajengwa na PEX zilezile.

Kwa nini hilo ni habari njema? Kimelea akiwa kwenye damu yako anaishi kwa glukosi tu, mitokondria yake imelala. Na vimeng'enya vyake vina kasoro moja ya ajabu. Kuvunja glukosi ni biashara ya kuanza na mtaji: unatoa ATP, sarafu ya nishati ya seli, kwanza, unapata faida mwishoni. Kwetu sisi kimeng'enya cha kwanza, heksokinesi, kina breki. Bidhaa ikirundikana kinasimama. Cha kimelea hakina breki. Ukuta wa glaikosomu ndio breki yenyewe, kwa sababu ATP ya ndani ni kidogo na lazima irudishwe ndipo kazi iendelee. Ukivitoa vimeng'enya hivyo nje ya ukuta, vinaivamia hazina yote ya ATP ya seli, vinatia fosfati kwenye glukosi bila kikomo, mtaji unaisha kabla ya mauzo. Kwa hiyo glukosi, chakula chake mwenyewe, inakuwa sumu.

Vimeng'enya huingiaje? PEX5 ni hamali. Anakibeba kimeng'enya kutoka nje na kukipeleka utandoni, ambako PEX14 ni gati. Hamali asipofika gati, mzigo unabaki majini. Mwaka 2017 kundi la Ujerumani la akina Maciej Dawidowski, Ralf Erdmann, Michael Sattler na Grzegorz Popowicz lilichapisha molekuli ndogo zinazokaa kwenye vishimo vya PEX14 ambamo PEX5 hujishikiza. Vimeng'enya vikatapakaa, kimelea akafa, kwa nguvu inayolingana na ya dawa zilizoidhinishwa. Trypanosoma cruzi wa Amerika Kusini naye alikufa. Hapo ndipo protini ya utando wa peroksisomu imekuwa shabaha kwa maana kamili ya neno: unaijua, una umbo lake, una molekuli inayoigusa, na unajua kwa nini adui anakufa.

Msimamizi wako atakuuliza: binadamu naye si ana PEX14? Anayo. Jibu lina sehemu mbili. Vishimo vinafanana lakini si sawa, na kazi ya mkemia ni kuupanua upenyo huo. Sehemu ya pili naipenda zaidi. Seli za ngozi za mtoto wa Zellweger, zisizo na peroksisomu inayofanya kazi, zinaota kwenye sahani ya maabara bila shida. Mtoto huumia kwa miezi na miaka. Kimelea anakufa mara moja. Dawa inayofunga gati kwa siku chache ingemtesa kimelea kuliko inavyomtesa mgonjwa. Ule ugonjwa wa watoto umetupa kipimo cha usalama cha dawa ya malale, bila wao kuombwa.

Halafu kuna PEX3, inayosaidia kupanda protini kwenye utando. Kwa miaka mingi ilitafutwa kwenye tripanosoma isionekane, mpaka 2019, kwa sababu imeachana mno na ya kwetu. Kilichowasumbua watafutaji ndicho kitakachomfurahisha mkemia: kadiri inavyotofautiana na yetu, ndivyo unavyoweza kuipiga bila kujikata.

Utaniambia malale imepungua, na ni kweli; tangu 2018 wagonjwa wanaoripotiwa Afrika nzima hawafiki 1,000 kwa mwaka, na feksinidazoli, kidonge cha kumeza, imeondoa haja ya ile dawa ya arseniki ambayo ilikuwa ikiua mgonjwa 1 kati ya 20 hivi waliopewa. Lakini aina ya rhodesiense, iliyoko upande wetu wa mashariki, inaishi kwenye ng'ombe na wanyama pori. Hutaimaliza kwa kutibu watu. Mwaka 2001 iliwapata watalii waliozuru Serengeti, na wala haikuwa imetoweka kabla ya hapo. Na nagana, ndugu yake wa ng'ombe, bado inatibiwa kwa diminazini na isometamidiamu, dawa za enzi za babu zenu, na usugu umeripotiwa sehemu nyingi. Vimelea vya nagana vina glaikosomu pia. Makampuni yatasita kutengeneza dawa ya watu mia chache. Ng'ombe ni mamilioni.

Upande wa kiashiria unarudi palepale nilipoanzia. Kwa gambiense, ile ya Kongo na magharibi, kipo kipimo cha kingamwili cha kadi. Kwa rhodesiense hakipo. Wewe na darubini yako ndio kipimo. Mwaka 2016 watafiti wa Ubelgiji na Uganda walichapisha kipimo cha Trypanosoma congolense wa ng'ombe kinachotumia vingamwili vidogo vya wanyama wa jamii ya ngamia. Hawakuchagua shabaha mapema. Waliviacha vingamwili vichague vyenyewe kati ya protini zote za kimelea. Kilichokamatwa kilikuwa aldolesi, kimeng'enya cha ndani ya glaikosomu. Kimelea akifa, kifuko kinapasuka, bidhaa inamwagika kwenye damu. Gati halimwagiki.

Kwa hiyo ukiniuliza mada yako ikae vipi, ningeikata katikati. Sehemu ya shabaha: PEX14 na PEX3 za vimelea vinavyopatikana Kanda ya Ziwa, uanze na T. congolense, ambaye hajatazamwa kama brucei alivyotazamwa. Mpangilio wa jeni upo hadharani, programu za kutabiri maumbo ni za bure, na unaweza kulinganisha vishimo vya PEX14 yake na vya brucei kwa kompyuta ya kawaida kabla hujaomba shilingi ya kemikali. Sehemu ya kiashiria: achana na utando, tafuta kilichomwagika, na hapo maabara yako ina kitu ambacho wale wa Ujerumani wa PEX14 hawana, yaani damu ya ng'ombe aliyeugua jana. Kabla ya kuandika pendekezo, ongea na daktari wa mifugo wa wilaya akueleze machinjio gani hupokea ng'ombe wa maeneo ya mbung'o, kisha omba kibali cha maadili ya utafiti wa wanyama mapema; hicho ndicho huchelewesha wanafunzi wangu kuliko mashine yoyote. Na unapohifadhi sampuli, weka nusu kwenye karatasi kavu na nusu kwenye baridi, tangu ng'ombe wa kwanza.